Nyumba Isiyopika Samaki

Nyumbani kwetu samaki hapikwi. Mwanangu, tangu anatambaa, akionja hata mchuzi wake midomo humvimba kama aliyebusu mzinga wa nyuki. Sufuria zetu hazimjui samaki, na mimi ninayempenda nilishamsahau, kama unavyomsahau rafiki aliyehamia mbali. Ndiyo maana ile harufu ilipoanza, hakuna aliyedhani mema.

Wa kwanza kuisema alikuwa binti yangu mkubwa. Watu humwita Kengele, na si kwa uzuri wa mlio. Alikuja kututembelea, akaingia chumba cha mbele ambamo mkwe wangu, mke wa mwanangu huyo, hushonea nguo za watu, akatoka ameshika pua.

"Mama, humu ndani nani kala samaki?"

"Hakuna."

"Basi kuna aliyelala naye."

Nikamwambia ashike adabu, wifi yake yuko pale pale na masikio anayo. Mkwe wangu akacheka, kile kicheko cha mtu asiyejua ametaniwa au ametukanwa.

Nami niliisikia. Haikuwa kali. Ilikuwa kama ndoo ya samaki iliyooshwa vibaya na kusahauliwa juani. Nikainama chini ya meza, nikapekua mifuko ya vitambaa, nikaangalia hata godoro dogo la mjukuu wangu, ambaye hulala hapo miguuni pa kabati mama yake akifanya kazi. Sikuona kitu.

Sasa, mkabala na nyumba yetu, ng'ambo ya barabara, kuna muuza samaki. Kijana mrefu, meno meupe, aliyefiwa na mke. Wiki ile ile alikuwa amemletea mkwe wangu aproni zake amshonee mifuko. Kengele hakuhitaji kuni nyingine.

"Aproni zenyewe ngapi?" akaniuliza jikoni, sauti ameishusha mpaka ikafika barabarani. "Mbona zinachukua siku zote hizo? Mama, fungua macho. Kaka yangu hali samaki, na chumba cha mkewe kinanuka samaki. Anakula wapi? Na nani?"

"Labda ni hizo aproni."

"Amezirudisha juzi! Harufu haijarudi nazo."

Mimi sina haraka ya kusema. Habari ikiletwa, huiacha ipoe kwanza kama uji, maana anayeuvamia wa moto huunguza ulimi akashindwa hata kuomba maji. Nikakaa kwenye kiti changu cha barazani, nikaanza kutazama.

Na nilichokiona hakikumsaidia mkwe wangu, nisidanganye mtu. Akienda sokoni, chumba kilikuwa safi. Alipokwenda kwa shangazi yake kumwuguza, nyumba nzima ilinukia sabuni tu mpaka aliporudi. Aliporudi, hata mchana haujageuka, samaki huyo. Akikaa kwenye cherehani asubuhi, hakuna kitu. Akianza kunyoosha nguo alizomaliza, jasho likamtoka kwa joto la pasi, harufu inakuja. Na ikija, inamzunguka yeye. Ungekuwa wewe ungesema nini?

Kengele alikwenda kuuliza kwa msomi. Chumba chetu cha nyuma amepanga Mwalimu, anafundisha kemia sekondari, mtu mpole anayefua soksi zake mwenyewe. Akamkuta bombani.

"Mwalimu, hivi mtu anaweza kunuka samaki bila kugusa samaki?"

Mwalimu akakamua soksi moja, akafikiri. "Anaweza. Ile harufu si mali ya samaki peke yake. Ni vitu vinaitwa amaini. Ndani yake mna naitrojeni. Nyama ya samaki ikianza kuharibika inavunjika, zile amaini zinaruka hewani, ndizo unazozinusa. Sasa kuna watu, wachache mno, mwili wao hauwezi kuzisaga zile zinazotokana na chakula. Zinatokea kwenye jasho na pumzi."

"Kwa hiyo ni ugonjwa."

"Nimesema wachache mno, dada."

"Na dawa yake?"

"Ya harufu ya samaki? Si limau? Limau ni asidi. Amaini ikikutana na asidi wanashikana, inakuwa chumvi, na chumvi hairuki hewani. Wapishi wamelijua hilo kabla yetu sisi wa maabara."

Kengele alikuwa keshaondoka. Alichukua nusu ya maneno, ile iliyomfaa, akaiacha nyingine bombani na povu la soksi.

Kesho yake akatua mfuko wa malimau juu ya meza ya cherehani. "Wifi, nimekuletea zawadi."

"Asante wifi. Ya juisi?"

"Ya makwapa."

Mkwe wangu aliyachukua, akaenda kuoga nayo. Alikaa bafuni mpaka nikaingiwa na wasiwasi. Alipotoka ngozi imemkauka, ananukia limau kuanzia utosini, akachomeka pasi, akaanza na sketi za sare za shule zilizokuwa zinasubiriwa. Hata hakufika mbali. Harufu ikaja kama iliyoitwa. Akaweka pasi, akakaa sakafuni kando ya mtoto aliyelala, akalia bila sauti.

Mimi nikamtazama mwanangu, aliyekuwa amesimama mlangoni.

Yeye ni fundi wa mafriji na mota za pampu, kibanda chake kiko uani. Fundi kamwoa fundi. Siku ya harusi watu walitania kwamba watazaa bisibisi. Nikamwuliza, "Baba, wewe unasikia hiyo harufu?"

"Nasikia, mama."

"Inatoka wapi?"

Akamtazama dada yake kwanza. Ndipo akasema, "Inatoka... kwake."

Hapo nikakaa na jambo moyoni. Mwanamume anayelala ubavuni mwa mkewe anamtazamia nini dada yake, ili ajue mkewe ananukaje? Nikaanza kumshuku yeye. Niliwahi kuona wanaume wa namna hiyo. Mtu amemchoka mke, hana sababu, akitokea wa kumpa sababu anaipokea kwa mikono miwili. Na alikubali upesi mno Kengele aliposema aitwe shangazi wa mkwe wangu, Jumapili, waje watu wazima wakae. Wamchukue wakamtibu huko kwao, ndivyo ilivyosemwa. Kila mtu alijua maana yake. Mke akisharudishwa kwao na jina la kunuka, nani atamleta tena? Hata wateja wake wangemkimbia. Nani atavaa nguo iliyoshonwa na mtu wa hivyo?

Mkwe wangu akaanza kutembea kwa kukwepa watu. Akikupa chai ananyoosha mkono mrefu, mwili anauacha nyuma. Nilimkuta mara ananusa kola yake, mara ananusa mikono, mara nywele za mtoto.

"Mama," akaniambia, "na wewe unaona ni mimi?"

"Sijamaliza kutazama, mwanangu."

Lilikuwa jibu baya, lakini ndilo la kweli.

Ijumaa nikabandika maharage, nikatoka na mjukuu wangu kwenda kwa jirani kuomba chumvi. Mazungumzo yakanoga. Tulichosikia ni mtu anapiga kelele barabarani: "Bibi! Kwenu mnachoma matairi?" Nikakimbia kwa kadiri magoti yalivyonikubalia. Maharage yamekuwa makaa, moshi mweusi unatoka mlango wa jikoni, na mwanangu amekaa pale pale kizingitini, mgongo ameupa jiko, anafungua feni.

"Wewe! Hukusikia?"

Akageuka, akashtuka kuona moshi. "Nilikuwa na kazi, mama."

Nimeishi na watu wenye kazi. Lakini kwa yale maharage hata maiti angegeuza uso. Nikakwangua sufuria kimya kimya, na shaka yangu ikahama kiti.

Jumamosi, siku moja kabla ya wageni, nikamtuma mkwe wangu sokoni pamoja na mtoto. Kisha nikamwita Kengele.

"Njoo unipigie pasi haya mashuka. Wageni wanakuja kesho."

"Si umwambie mkweo? Ndiyo kazi yake."

"Si umesema ananuka? Unataka shangazi yake alalie shuka la samaki?"

Akakosa pa kupitia. Akaingia chumba cha mbele, akachomeka pasi, akaanza huku anaimba, maana akifanya kazi lazima mtaa ujue. Mimi nikakaa mlangoni nachambua mchele. Shuka la kwanza likaisha. La pili likafika katikati. Wimbo ukakatika.

"Mama."

"Naam."

"Inanuka."

"Ulikula nini?"

"Mama jamani!"

"Nauliza tu. Muuza samaki ulipita kwake?"

Sikutegemea, lakini binti yangu, mama wa watoto wanne, aliinua mkono akajinusa kwapa. Kisha la pili. Kisha akanitazama kama mtoto aliyepotea sokoni. Nikamwambia asizime chochote, amwite Mwalimu.

Mwalimu, aliyetoka tu kufundisha masomo ya ziada ya Jumamosi, alikuja na chaki bado kwenye vidole. Akasimama katikati ya chumba, akavuta pumzi, akageuka polepole kama anayetafuta mbu. Macho yakaufuata waya wa pasi, uliopita juu ya meza ukazama nyuma ya kabati.

"Huku nyuma kuna nini?"

"Ukuta," akasema Kengele.

"Umeme unachomekwa wapi?"

"Huko huko."

"Chomoeni! Hapana, acheni, msiguse!" Akatoka mbio kwenda kwenye swichi kubwa, na nyumba ikazimika, redio ya jirani tu ikabaki inaongea.

Tulisukuma kabati sote watatu. Soketi ilikuwa imegeuka rangi ya mkate ulioiva, imevimba, imepinda mdomo. Ngozi ya waya iliyoingia humo imelainika na kuwa nyeusi, na hapo harufu ilikuwa mbili: ile ya samaki, na nyingine chachu inayokwaruza koo. Mgongo wa kabati ulikuwa umeungua duara kama sahani. Na ng'ambo ya ubao huo, miguuni pa kabati, godoro la mjukuu wangu. Nikalikalia lile godoro.

"Ni hii," akasema Mwalimu. "Soketi za zamani, hii plastiki yake ngumu nyeupe, imetengenezwa na vitu vyenye naitrojeni. Skrubu ikilegea, ukiweka mzigo mkubwa kama pasi, inapata moto. Plastiki inavunjika na kutoa amaini. Zile zile za samaki. Limau lingefanya nini? Unamkamulia mtu, na amaini zinazalishwa ukutani." Akapangusa uso, chaki ikambaki shavuni. "Na mimi bombani pale nikataja wagonjwa, nikasahau vitu vinavyoungua. Naomba radhi, Bibi."

Kengele akaanza kulikunja shuka ambalo halijaisha.

Mwanangu akaingia kuuliza kwa nini umeme umekatika. Akaiona soketi. Akasimama.

"Nani aliifunga hii?" Mwalimu akamwuliza.

"Mimi. Niliitoa kwenye nyumba iliyokuwa inabomolewa. Ilikuwa bado nzuri."

"Sawa, hilo hutokea. Lakini fundi, harufu hii hukuijua? Mafundi wote wa umeme wanaijua. Ukisikia samaki mahali hakuna samaki, unatafuta soketi."

Mimi nikainuka. Nikaenda jikoni, nikachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, nikarudi. Nikamziba macho kwa kiganja kama nilivyokuwa nikimziba akiwa mdogo, nikamwekea kitambaa chini ya pua.

"Nini hii?"

Akavuta pumzi. Akavuta tena.

"Sabuni," akasema.

Nikaondoa mkono, na macho yake yalikuwa yamejaa.

"Tangu lini, baba?"

"Sijui, mama. Ilipungua pole pole. Mwaka jana mvua za kwanza zilinyesha, nikatoka nje kusubiri harufu ya udongo. Haikuja."

"Mbona hukusema?"

"Niseme kwa nani? Fundi wa mota asiyesikia mota inaungua, nani atamletea kazi?"

"Na mkeo?" Kengele ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo.

"Wewe ulisema ananuka. Mama naye akasema anasikia. Nyote mlisikia. Nikadhani ipo, ila mimi ndiye nisiyeipata."

Mwalimu akamwuliza mota zenye grisi anaoshea nini. Mwanangu akaleta kopo kutoka kibandani, halina hata karatasi, alinunua kwa mtu anayejaza kutoka pipa. Mwalimu akatutoa nje, akatupanga upande upepo unakotoka. Akachukua kipande cha waya wa shaba, akakichoma kwenye jiko mpaka moto ukawa hauna rangi. Akakigusisha kwenye ile ngozi ya waya iliyoungua, akakirudisha motoni. Mwali ukawa kijani, kijani kizuri cha kutisha. Akakisafisha kwa moto tena, akakitia tone moja la kile kimiminika cha kopo, tone moja tu. Kijani kile kile.

"Hii ni klorini," akasema. "Mafuta ya taa au petroli hayafanyi hivi. Klorini na ndugu zake wanaitwa halojeni. Wakishikamana na kaboni wanatoa vitu vya kila aina: ngozi ya waya, na dawa kama hii ya kung'oa grisi. Haishiki moto upesi, ndiyo maana watu wanaiona haina neno. Lakini mvuke wake ni mzito, unakaa chini ndani ya chumba, unauvuta. Unaosha ukiwa umefunga mlango?"

"Vumbi lisiingie kwenye mota."

"Miaka mingapi?"

Mwanangu akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha katikati.

"Sisemi ndiyo iliyokula pua yako. Nenda kwa daktari, yeye aseme. Ila hilo kopo lisifunguliwe tena ndani, wala karibu na moto. Mvuke wake ukiungua ni sumu nyingine kabisa."

Mkwe wangu alirudi sokoni akatukuta uani, tumesimama kama watu wa msiba kando ya jiko. Kengele akamkimbilia, akampokea kikapu, akaanza kusema maneno mengi ya umeme. Mkwe wangu alisikiliza. Akaingia ndani, akaitazama soketi, akalitazama duara la kabati, akambana mtoto kifuani.

Jumapili Kengele aliniita pembeni. "Mama, kwa nini tuanikane? Tuwaambie tu wageni umeme ulikuwa mbovu, umetengenezwa, tule chakula."

"Alitukanwa kwa mdomo," nikasema, "atasafishwa kwa mdomo. Na wewe ndiye utakayeanza."

Shangazi wa mkwe wangu alikuja, mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa kuliko safari. Tukaketi. Kengele akaomba radhi, akalia, nami naamini alilia kweli. Kisha mwanangu akasema yake, ya soketi na ya pua, akitazama vidole vyake.

Mkwe wangu akamsubiri amalize.

"Kwa hiyo siku ile mlangoni," akasema, "mama alipokuuliza, ulikuwa husikii kitu."

"Nilikuwa sisikii."

"Ungeweza kusema hivyo. Neno moja: sisikii. Nami ningejua angalau kuna mmoja asiyeisikia. Badala yake ukaazima pua ya dada yako ukaninusa nayo."

"Niliona aibu."

"Na mimi nilioga malimau mpaka ngozi ikapasuka. Nilikuwa namnusa mtoto, nikihofia nimemwambukiza. Aibu yako na yangu, ipi ilikuwa nzito?"

Shangazi akamwuliza anataka nini.

"Nataka kwenda nawe. Lakini isemwe barabarani na kila mahali kwamba siendi kwa kunuka. Naenda kwa sababu sijui nikiulizwa tena, huyu atasema nini."

Hakuna aliyembishia. Mwanangu mwenyewe alibeba cherehani mpaka kwenye gari. Muuza samaki, kuona hivyo, akavuka barabara kuja kusaidia kuinua, akauliza pia kuhusu aproni nyingine. Kengele akafungua mdomo. Nikamtazama. Akaufunga.

Nyumba ikatulia. Mwanangu akafunga soketi mpya, akazikagua zote zilizobaki, akalisogeza kabati mbali na ukuta. Lile kopo aliliacha nje. Daktari alimwambia huenda pua ikarudi kidogo, huenda isirudi. Sasa akitengeneza mota ya mtu anasema kabla hajashika bisibisi: "Mimi sisikii harufu, ukihisi inaungua niambie." Wengine wanaondoka na mota zao. Wengine wanabaki.

Jioni moja, jua bado lipo, akanijia na foronya ya mkewe mkononi.

"Mama, hebu nusa. Bado ipo?"

Nilinusa. Ilikuwepo: mafuta yake ya nywele, na ile harufu ya kitambaa kipya kilichopigwa pasi. Nikaikunja nikamrudishia.

"Hilo si la kumwuliza mama yako. Vaa viatu."

"Nikamwambie nini?"

"Anza na samahani. Ikiisha, anza tena."

Tulimkuta kwa shangazi yake, ameinamia cherehani. Mimi nilikaribishwa, nikapewa kiti. Yeye hakupewa. Akasimama katikati ya chumba, kofia mkononi. Jikoni walikuwa wanakaanga vitunguu, harufu imejaa mpaka uvunguni.

Mkwe wangu akamaliza mshono, akakata uzi kwa meno, ndipo akainua uso.

"Unasikia harufu gani humu?"

Akaniangalia kidogo tu. Mimi nikatazama dari. Nikaona anarudisha macho kwake.

"Sisikii kitu," akasema. "Niambie wewe ni nini."

Mkwe wangu alikaa akimtazama, muda mrefu kiasi cha vitunguu kuanza kuungua, na shangazi mtu akapiga kelele jikoni. Kisha akanyoosha mguu, akalisukuma rundo la vitambaa kutoka kwenye kigoda, akakisogeza kidogo kwa kisigino.

"Vitunguu," akasema. "Kaa."